Ree Mbili Mkononi, na Bado Nimetolewa

SWALI: Ndugu Mhariri, naishi Coventry, Uingereza, na kila Jumatano hucheza mashindano madogo ya poka katika baa iliyo karibu na kazini kwangu. Kiingilio ni pauni 5, tunakuwa wachezaji 20, kila mmoja huanza na chipu 5,000, na watatu wanaobaki mwisho hugawana pauni 50, 30 na 20. Nimeingia mara 14 na sijapata hata peni moja. Matukio matatu yananiuma zaidi. Kwanza, nilipata ree mbili, nikalipa dau la lazima tu (lile linalowekwa kabla ya karata kugawanywa) bila kupandisha ili nisiwafukuze wenzangu. Wakaingia watu watano, na aliyeshika tisa na nne akapata jozi mbili kwa karata za mezani, zinazotumiwa na wote, na kunishinda. Pili, nilipiga mkwara mara tatu mfululizo nikiwa sina kitu, kama nilivyomwona mcheza poka Chris Moneymaker kwenye video, lakini mzee mmoja mwenye jozi ya tano akanifuata hadi mwisho. Tatu, tulibaki wanne: kiongozi akiwa na chipu 45,000, mimi 35,000, wa tatu 16,000 na wa mwisho 4,000, huku dau kubwa la lazima likiwa 2,000. Kiongozi akaweka chipu zake zote, nami nikamfuata kwa ree na malkia. Alikuwa na jozi ya nane, nikatoka mikono mitupu. Je, ni mkosi, au kuna ninalokosea?
Msomaji, Coventry

JIBU: Ndugu yangu, mara 14 ni chache mno kumhukumu mchezaji kwa pauni alizopata. Katika mashindano ya watu 20 yanayowalipa watatu, mtu ambaye uwezo wake uko sawa na wa wenzake hutoka bila zawadi mara 17 kati ya 20, na uwezekano wa kukosa mara 14 mfululizo ni takriban mmoja kati ya kumi. Kwa hiyo ukame huo peke yake hauthibitishi kwamba unacheza vibaya. Matukio uliyoyaeleza, hata hivyo, yana la kusema, ingawa sidhani kwamba yanasema unachodhani.

Tuanze na ree mbili. Dhidi ya mpinzani mmoja mwenye karata zozote, ree mbili hushinda karibu mara 85 kati ya 100. Dhidi ya wapinzani watano, hushinda karibu mara 49 tu. Mwenye tisa na nne hakukufanyia hila yoyote. Wewe ndiye uliyemruhusu kuziona karata tatu za kwanza za mezani kwa bei ya dau la lazima, ilhali kama ungepandisha dau hilo mara nne au tano, yamkini angezitupa karata zake. Kama ungepandisha, naye akaingia vilevile na kushinda, ningekuambia ni mkosi na usilifikirie tena jambo hilo. Matokeo yangekuwa yaleyale, lakini kosa lisingekuwepo, na anayeanza huchelewa sana kuiona tofauti hiyo kwa sababu anakumbuka karata ya mwisho iliyomuumiza kuliko uamuzi wa kwanza alioufanya.

Kuhusu mkwara, nadhani ninaifahamu video uliyoitazama. Mwaka 2003, huko Las Vegas, Moneymaker alikuwa amebaki na Sammy Farha peke yake katika fainali ya mashindano makuu ya dunia, naye akaweka chipu zote akiwa hana hata jozi. Farha, aliyekuwa na jozi ya tisa, alifikiri kwa muda kisha akazitupa karata zake. Tazama nani aliyetishwa: mchezaji wa kulipwa, mwenye uwezo wa kujiuliza mwenzake ameshika nini na wa kukubali kwamba huenda ameshindwa. Mzee wako wa Jumatano hajiulizi swali hilo. Ana jozi ya tano, amekuja kuburudika, na pauni 5 zake alikwisha kuzitoa moyoni tangu alipoingia mlangoni. Dau la mkwara linalolingana na fungu lililoko mezani (jumla ya madau yaliyokwisha kuwekwa) linahitaji kumtimua mpinzani zaidi ya nusu ya nyakati ili likulipe; la nusu ya fungu linahitaji zaidi ya theluthi moja. Kwa mtu asiyetupa karata, hakuna kiasi kinachotosha. Mtu huyohuyo, lakini, ndiye atakayekulipa vizuri kuliko wote siku utakapokuwa na karata za kweli, kwa hiyo siku hiyo weka dau kubwa bila kujifanya mnyonge.

Sasa tukio la tatu, ambalo umelieleza kama ajali, nami naliona kuwa ndilo kosa ghali kuliko yote. Chipu za mashindano si fedha. Ukiziongeza maradufu, thamani yake haiongezeki maradufu, kwa sababu anayezikusanya zote za mezani hapewi pauni 100, bali 50 tu. Ipo njia ya kukadiria thamani hiyo, inayotumia fomula ambayo mtakwimu David Harville aliichapisha mwaka 1973 kwa ajili ya mbio za farasi: nafasi ya mtu kuwa wa kwanza huchukuliwa kuwa sawa na sehemu yake ya chipu zote, kisha anayeshinda huondolewa na hesabu hurudiwa kwa waliobaki. Nimekufanyia hesabu hiyo, nikiyaacha kando madau ya lazima ya mkono ule. Chipu zako 35,000, kabla ya kumfuata kiongozi, zilikuwa na thamani ya takriban pauni 33. Kama ungeshinda na kufikisha 70,000, zingekuwa na thamani ya takriban pauni 43. Ulihatarisha pauni 33 ili kuongeza pauni 10, na ili biashara hiyo ikulipe ulipaswa kushinda karibu mara 77 kati ya 100. Ree na malkia dhidi ya jozi ya nane hushinda karibu mara 45 tu.

Katika mchezo wa fedha taslimu, ambamo kila chipu ni fedha halisi, uamuzi kama huo ungeweza kujadiliwa. Hapa haukuwa na utetezi, hasa kwa sababu ya yule mwenye chipu 4,000, ambaye alikuwa amebakiwa na chipu za madau makubwa ya lazima mawili tu na angelazimika kuziingiza karibu zote ndani ya mzunguko mmoja wa meza; akitoka yeye, wewe una uhakika wa zawadi. (Wasomaji wanaodhani kwamba tunazungumzia utajiri wajue kuwa sheria ya Uingereza inaruhusu poka ya baa kwa kikomo cha pauni 5 kwa mtu katika kila mchezo na pauni 100 kwa siku kwa baa nzima. Pauni hizi 10 tunazozikokotoa ni za kujifunzia.)

Nakushauri ubebe daftari dogo. Andika karata zako, chipu za kila mtu na sababu ya uamuzi wako, na uandike kabla ya kuambiwa mpinzani alikuwa na nini, maana ukishajua, kumbukumbu itakupamba. Usiandike kila mkono uliocheza, mikono miwili au mitatu kwa usiku inatosha. Na mkibaki wanne tena, zihesabu chipu za aliye nyuma kabisa kabla hujafunua karata zako mwenyewe.