Anza na benki, vocha zitasubiri

Wadogo zangu wa fildi, na nyinyi mliotoka chuo juzijuzi, nawapenda, ndiyo maana leo nasema kwa ukali kidogo. Kila mwisho wa mwezi naona yaleyale. Mtu kaingia ofisini mapema, taarifa ya benki iko mezani, na hadi saa nane mchana amegonga mihuri vocha, amepanga mafaili upya, amepaka rangi jedwali la masurufu. Jasho linamtoka kweli. Usuluhishi wa benki, yaani kulinganisha daftari letu la fedha na taarifa ya benki, haujaguswa. Ukimuuliza, anasema ataanza akishamaliza hivi vidogovidogo. Vidogovidogo haviishi, mdogo wangu.

1. Jueni kwa nini kazi hii ndiyo inayoahirishwa. PAYE (kodi ya mishahara) na SDL (tozo ya mwajiri ya kuendeleza ujuzi) mwisho wake tarehe 7, ritani ya VAT tarehe 20, na ukichelewa TRA, watu wa kodi, hawakubembelezi, wanakutoza. Mishahara ikichelewa wafanyakazi watajaa mlangoni. Usuluhishi wa benki hauna wa kuupigia kelele, unakaa kimya kwenye faili. Kumbe humo ndimo unamojua nani kalipa, nani kalipwa na kimebaki nini. Ukitaka kujua uanze na kazi ipi, tafuta ile ambayo ikiwa na kosa, nyingine zote utazifanya juu ya kosa.

2. Tofauti haiondoki kwa kuachwa. Niliwahi kukaa na tofauti ya shilingi 450,000. Nilikuwa mgeni kazini, kwenye kampuni ndogo. Salio la daftari letu la fedha lilikuwa kubwa kuliko la benki. Niliiona tofauti siku ileile, nikaogopa. Nilihisi nikiigusa nitakuta jambo nisiloliweza, na kumuuliza mhasibu mkuu niliona aibu. Nikaandika chini ya ukurasa "inafuatiliwa", nikarudi kwenye vocha. Mwezi uliofuata nikaibeba vilevile, na uliofuata tena.

Mkaguzi wa ndani alipokuja, aliliona lile neno mara moja. Kisha akamgeukia mtunza fedha wetu, mama mtu mzima, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akipeleka fedha benki. Akaambiwa aandike maelezo. Nilimwona akiandika kwenye karatasi ya mistari, anakata, anachukua karatasi nyingine, anaanza upya. Mimi nilikuwa meza ya pili.

Jioni hiyo ndipo nilipokaa na taarifa ya benki. 450,000 inagawanyika kwa 9, na tofauti ya namna hiyo mara nyingi ni tarakimu zilizopishana. Nikatafuta malipo yanayofanana na hivyo, nikayapata: ankara ilikuwa ya 1,270,000, daftari nalo lilisema 1,270,000, benki ilikuwa imetoa 1,720,000. Fomu ya kuhamisha fedha ilijazwa vibaya, msambazaji akalipwa zaidi. Kazi yenyewe haikufika hata saa moja. Ningeifanya wiki ileile, tungemkata kwenye ankara iliyofuata. Kufikia hapo alikuwa amefunga duka na simu yake haipatikani. Nilimwomba mama radhi mbele ya mkaguzi, akanipokea vizuri. Lakini ile karatasi ya maelezo ilikuwa imeshaingia kwenye faili lake.

3. Asubuhi fungua taarifa ya benki kabla ya WhatsApp ya ofisi, na uhakikishe kwanza salio la kuanzia ni lile ulilofungia mwezi uliopita.

4. Tofauti ikigawanyika kwa 2, tafuta nusu yake. Huenda kuna kiasi kimeingizwa upande usio wake.

5. Akaunti ya muda, ile ya kuwekea kwa muda kiasi ambacho hakijajulikana ni cha nini, si jalala. Kuna kijana wetu, hodari sana wa Excel, alinionyesha usuluhishi uliolingana hadi senti. Nikampongeza kwa moyo wote. Kisha nikafungua akaunti ya muda, nikakuta kila kilichokataa kulingana kimelala humo. Nilicheka mpaka yeye mwenyewe akacheka. Tukavuta viti, tukakitoa kimoja kimoja: makato ya benki ambayo hayakuingizwa, hundi ambayo haijapelekwa benki, mteja aliyelipa bila kuandika jina. Wenzetu walikwenda chai wakarudi, sisi bado. Mteja yule tulimpata kwa kuoanisha tarehe na risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, na kijana siku hizi anaanza na benki bila kusukumwa.

6. Ulizeni siku hiyohiyo. Hakuna mhasibu mkuu mwenye akili timamu atakayekasirikia swali la tarehe 2. Atakasirikia swali hilohilo likiletwa na mkaguzi.

Aliye na tofauti ya mwezi uliopita aje nayo kesho saa mbili, pamoja na taarifa ya benki iliyochapishwa, si picha ya simu. Vocha aziache palepale zilipo. Tutaanza na mwenye tofauti ya zamani kuliko wote.