Kabla ya kuongeza vizimba, hesabuni siku: kupunguza mauaji ya paka na mbwa wenye afya vituoni

Mkuu, umeeleza kwamba kituo cha wanyama cha kaunti unachojitolea huko Texas kina vizimba 200, kinapokea paka na mbwa 12 kwa siku, kila mmoja hukaa kama siku 20, na kila Ijumaa wenye afya na tabia njema wanachomwa sindano ya kuwaua kwa kukosa nafasi. Umeuliza kama mchango mliokusanya ujenge vizimba 40 zaidi. Jibu langu ni hapana.

Idadi ya walio ndani ni wanaoingia kwa siku mara siku wanazokaa: 12 mara 20 ni 240. Vizimba 40 vipya, kwenye karatasi, vinaziba pengo. Lakini kiwango cha chini kinachotumika Marekani ni dakika 15 za mhudumu kwa kila mnyama kila siku, 9 za usafi na 6 za kulisha. Kwa wanyama 240 hizo ni saa 60, yaani karibu watu wanane kila siku pamoja na Jumapili. Je, kaunti itawaajiri? Isipowaajiri, usafi utalegea, wanyama wataugua, na anayeugua haruhusiwi kuondoka. Siku 20 zikawa 25, na 12 mara 25 ni 300. Mtakuwa mmerudi palepale, na vizimba vipya mnavyo. Sasa shusheni siku ziwe 14: 12 mara 14 ni 168. Wanaoingia ni wale wale, na vizimba 32 viko wazi.

Siku hizo zinapotea kwenye kusubiri. Anzeni na mzunguko wa asubuhi, kabla wageni hawajafunguliwa mlango. Mtu wa tiba, wa mapokezi na wa kuwapatia wanyama familia wapite pamoja kizimba kwa kizimba, wasimame mbele ya kila mnyama na kuuliza: huyu leo anasubiri nini? Jibu liandikwe kwenye kadi ya kizimba: kitu gani, lini, nani atakifanya. "Kuhasiwa, Jumanne, daktari wa zamu" ni jibu. "Anaangaliwa" si jibu. Nyuma ya neno hilo mbwa hulala siku tisa bila mtu kumkumbuka.

Kosa la kawaida kabisa ni kungoja siku za kumsubiri mwenye mnyama ziishe (Texas mara nyingi ni 3) ndipo picha ipigwe na foleni ya upasuaji ianze. Fanyeni yote siku ya kwanza. Picha iende mtandaoni saa ile ile na tarehe atakayokuwa huru, na nafasi ya upasuaji iandikwe kwa asubuhi inayofuata tarehe hiyo. Vipaka na mbwa wadogo wachangamfu wasipange foleni nyuma ya wanaochelewa kupata familia. Wakitoka kwa siku 5, muda na nafasi vinabaki kwa yule atakayehitaji 40.

Chanjo apewe mlangoni, kabla hajafika bandani. Iwe ile hai iliyodhoofishwa: mbwa kwa distempa, parvo (virusi vya kuhara na kutapika vinavyoua mbwa) na adenovirusi, paka kwa panleukopenia (parvo ya paka), na virusi vya herpes na kalisi, vinavyoleta mafua ya paka. Wachanga waanze wakiwa na wiki 4, kisha kila wiki 2 mpaka wiki 20. Kwa parvo, jiki ya asilimia 5 ichanganywe mililita 30 kwa lita moja ya maji, ikae juu ya sakafu dakika 10. Lakini kwanza osheni kinyesi chote kwa sabuni na msuuze, maana uchafu huua nguvu ya klorini na mtakuwa mnamwaga maji yenye harufu tu. Mbwa mwenye parvo naye si wa kuandikwa kifo. Austin, Texas hiyo hiyo, wodi ya shirika la uokoaji wanyama Austin Pets Alive! ilitibu mbwa zaidi ya 5,000 kuanzia 2008 hadi 2019 na zaidi ya asilimia 85 walipona.

Mafua ya paka ndiyo mwizi mkubwa wa siku. Paka wengi wanabeba herpes kimyakimya, na hofu ndiyo inayoiamsha. Paka anayekaa kwenye kizimba cha sentimita 60, choo kikigusana na chakula, akitolewa kila asubuhi ili kizimba kisafishwe, mara nyingi huanza kupiga chafya ndani ya wiki. Hapa ndipo mchango wenu ufanye kazi: toboeni tundu la duara kwenye ukuta kati ya vizimba viwili, paka mmoja apate vyote. Upande mmoja chakula na boksi la kujificha, upande wa pili choo, na sakafu yake ifike karibu mita moja ya mraba. Mhudumu anasafisha upande mtupu bila kumshika. Najua inaonekana kama kupoteza nusu ya vizimba vya paka. Ila asiyeugua anaondoka mapema, na mwisho wa mwaka mtakuta wametoka hai wengi zaidi kupitia vizimba vichache.

Kuhusu paka wakubwa wa nje walioletwa wakiwa wanene na wazima: paka huyo ana mahali anapokula, ndiyo maana amenona. Jacksonville, Florida, mwaka 2008, na San Jose, California, mwaka 2010, walianza utaratibu huu: paka wa namna hii wanahasiwa, wanachanjwa, ncha ya sikio inakatwa ili ajulikane hata kwa mbali, kisha wanarudishwa mtaa ule ule walikookotwa. Wanaotetea ndege wana hoja ya haki, kwa hiyo asirudishwe penye hifadhi ya ndege wanaotagia chini. Mitaani, hata hivyo, kumwondoa mmoja na kumuua hakujawahi kumaliza paka. Anayebaki bila kuhasiwa huzaa na kujaza pengo.

Vipaka visivyo na mama vinakufa kuliko kundi lolote, kwa sababu kituo kinafungwa usiku. Havihitaji kizimba, vinahitaji watu kama nyinyi majumbani. Kamwe msivipe maziwa ya ng'ombe; tumieni maziwa ya unga ya vipaka. Wiki ya kwanza vinyweshwe kila saa 2 mpaka 3, usiku pia. Kwanza mguse mdomo wake: ukiwa wa baridi, usimnyweshe, mpashe joto polepole, maana tumbo lililopoa halisagi chakula. Alale kifudifudi kama anavyonyonya kwa mama, kamwe asilazwe chali; akilazwa chali maziwa yanaingia mapafuni, na nimonia hiyo haimwachi. Baada ya kunywa, mfute sehemu za chini kwa pamba yenye maji ya uvuguvugu mpaka akojoe, kwani peke yake hawezi. Mpime kwa mizani ya jikoni kila siku, saa ile ile. Anatakiwa kuongezeka gramu 10 hadi 15 kwa siku. Asipoongezeka siku moja, piga simu kituoni siku hiyo hiyo, usisubiri kesho. Akifika gramu 900 na wiki 8, anaweza kufungwa kizazi na kwenda kwa familia.

Mapokezi yasimamie chipu, kile kidude kidogo chini ya ngozi chenye namba ya kumtambua mwenye mnyama. Kipimia chipu kipitishwe taratibu mwili mzima, mabega hadi kwenye viwiko, maana chipu huhama. Kirudiwe mara tatu kwa siku tofauti, na mbali na meza ya chuma. Katika utafiti wa vituo vya Marekani uliochapishwa 2009, mbwa waliopotea wenye chipu walirudishwa kwao asilimia 52, ilhali kwa jumla ya mbwa ilikuwa 22. Paka wenye chipu 38, jumla ya paka haikufika 2. Na kabla ya kumpeleka mbwa kituoni, aliyemwokota aulize kwanza kwenye nyumba za jirani. Wengi huwa hawajafika hata kilomita mbili kutoka kwao.

Kwa anayetaka kuchukua mnyama, fomu ya kurasa sita, ukaguzi wa nyumba, barua ya mwenye nyumba na sharti la uzio vifutwe. Mahali pake pawe na mazungumzo ya dakika 20: unaishi vipi, utamwacha peke yake saa ngapi, nani mwingine yumo ndani. Ada ikifutwa msiogope. Utafiti uliolinganisha waliolipa na wasiolipa haukukuta tofauti ya mapenzi kwa mnyama.

Mkishafanya haya, watakaobaki ni mbwa wakubwa, na kwao hakuna njia ya mkato. Mbwa wa kilo 30 akikaa bandani wiki nyingi anaanza kuzunguka, kurukia mlango na kubweka, na mgeni anaona hatari mahali palipo na msongo tu. Mtoeni nje na wenzake kila asubuhi chini ya mtu aliyefunzwa kuwachanganya, na mpeni mtu amchukue nyumbani kwake hata usiku mmoja. Picha ya mbwa huyo amelala miguuni pa mtu, juu ya zulia, itamsaidia kuliko maelezo yote mtakayomwandikia.

Tahadhari moja. Uongozi wakiambiwa asilimia 90 watoke hai, wengine hufunga mlango wa mapokezi au humweka mbwa bandani miaka miwili. Miadi ya kupokea ni nzuri iwapo anayeleta anapewa chakula, dawa au walau ushauri anaposubiri, na mgonjwa au aliyegongwa na gari apokelewe muda wowote. Vinginevyo wanyama watatupwa getini usiku.

Omba kituo takwimu hizi za miezi 12, uzilete hapa: walioingia kila mwezi, mbwa peke yao na paka peke yao, wastani wa siku kwa wakubwa na wachanga, na waliouawa, kila mmoja na sababu iliyoandikwa. Tutaona tuanzie wapi.