Shimo refu katikati ya mji: eskaveta isiitangulie boriti

Ukichimba shimo la mita 15 katikati ya majengo, ardhi ya jirani itasogea. Hakuna ukuta unaozuia hilo kabisa. Unachoweza ni kuifanya isogee kidogo, na kujua imesogea kiasi gani kabla jirani hajaja kukuonyesha ufa.

Nimesimamia mashimo ya namna hii kwa miaka mingi, na vijana wanaoanza huwa nawasisitizia jambo moja: chungeni muda kati ya kuchimba na kufunga boriti, yaani mihimili inayokatiza shimo na kuzizuia kuta zake zisiingie ndani. Udongo ukiondolewa, ukuta hupoteza egemeo la ndani, udongo wa nyuma huusukuma nao hupinda. Boriti ikifungwa huuzuia usiendelee, lakini hairudishi kilichokwisha kusogea, hata ukiikaza kwa jeki (na ni lazima uikaze). Kwa hiyo mchoro ukisema boriti ya pili ifungwe ndipo mshuke, eskaveta isimame pale pale. Mwendeshaji ataomba achimbe mita moja zaidi kwa sababu boriti inambana mkono wa mashine. Mkatalie. Kwenye mfinyanzi laini, mita hiyo ikikaa wazi siku mbili tatu utaiona kwenye inklinometa, kifaa kinachopima ukuta umepinda kiasi gani.

Mwaka 1969 Ralph Peck, mhandisi wa udongo wa Marekani, alionyesha kwamba kwenye mfinyanzi laini sana ardhi nyuma ya shimo inaweza kutitia kwa zaidi ya asilimia 2 ya kina. Kwa shimo letu hiyo ni zaidi ya sentimita 30. Udongo ukiwa imara na kazi ikisimamiwa vizuri, msogeo huwa karibu asilimia 0.2, yaani sentimita 3. Athari yenyewe huweza kufika mbali mara mbili ya kina, na zaidi kwenye udongo laini. Basi jengo lililo mita 30 kutoka ukingoni nalo likaguliwe na kupigwa picha kabla hujaanza, nyufa za zamani ziwekewe alama na tarehe.

Ukuta wa zege uliomiminwa ardhini ni mgumu kuliko mabamba ya chuma, ila una gharama. Nanga, yaani nyaya au vyuma vinavyoufunga ukuta kwenye udongo wa nyuma badala ya boriti, huacha shimo likiwa na nafasi, lakini hupita chini ya kiwanja cha mwenzako; pata ruhusa yake mapema.

Maji ndiyo yanayonikosesha usingizi. Ukiona ukuta unavuja kwenye kiungo, kinga maji hayo kwenye ndoo, uyaache yatulie. Yakibaki safi, ziba kwa utulivu. Ukikuta mchanga umetuama chini ya ndoo, fahamu kwamba ardhi iliyo chini ya barabara inaingia shimoni mwako. Simamisha uchimbaji, zibeni siku hiyo hiyo.

Tarehe 20 Aprili 2004, shimo la reli ya chini ya ardhi karibu na Nicoll Highway, Singapore, liliporomoka na watu 4 wakafa. Uchunguzi ulikuta maungio ya boriti na mihimili ya ukutani yalisanifiwa yakiwa dhaifu. Vipimo vilikuwa vimekwisha kuonyesha ukuta unasogea kupita makadirio. Ndiyo maana kabla ya kuchimba huwa nataka viwango vya tahadhari viandikwe, na pembeni yake jina la mtu aliye hapo kazini, zamu ya usiku ikiwemo, mwenye ruhusa ya kusimamisha kazi bila kumpigia simu bosi kwanza.