Daftari ndani ya Matatu ya 111

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Je, mwandishi ni lazima asafiri mbali ndipo apate cha kuandika? Na yule ambaye safari yake yote ni ya nyumbani na kazini, afanyeje?"

Umbali hauna uzito mkubwa. Mwandishi hupata kitu pale jambo moja linapogeuka kuwa jingine: udongo unapobadilika rangi, nauli inapopanda, hewa inapopoa, abiria wanapoacha lugha moja na kushika nyingine. Nairobi yenyewe ilizaliwa mahali pa namna hiyo. Reli ilipofika mwaka 1899, wajenzi walisimama hapa kwa sababu ndipo uwanda unapoishia na mpando wa nchi ya Wakikuyu unapoanza, na maji yalikuwepo. Wamaasai walikuwa wamekwisha kupaita mahali pa maji baridi. Anayeishi mji huu amezungukwa na mageuko. Kazi yake ni kuyanasa yakiwa bado mabichi.

Chukua matatu ya 111, ya Ngong, inayopakia stejini Railways, katikati ya Nairobi. Safari haifiki kilomita 30. Barabara ya Ngong inakupitisha Prestige, Adams, Junction, Dagoretti Corner, Karen, Bulbul, Vet, kisha Ngong. Mwanzoni dirisha linajaa maghorofa. Kisha wanatokea mafundi seremala waliopanga vitanda na makochi kando ya barabara, mengine bado hayajavishwa kitambaa. Mbele kidogo kuna vitalu vya miche ya maua na miti, halafu nyua ndefu za kayaba za Karen ambazo hazikuonyeshi nyumba hata moja. Ukifika Ngong, hewa si ile uliyopandia gari. Katikati ya Nairobi ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kilele cha milima ya Ngong ni mita 2,460. Kwa kawaida joto hupungua kama nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda, na pale upepo huongeza lake. Ndiyo maana anayeshuka Ngong jioni ya Julai na shati jepesi hukunja mikono kifuani kabla hajatoka stejini. Mkono huo uliokunjwa unatosha kuanzia aya.

Kosa la kwanza ni kutaka kuandika safari nzima. Chagua geuko moja tu kwa kila safari. Leo fuata nyua, kesho fuata nauli, keshokutwa sikiliza ni kituo gani abiria wanapoacha kuzungumza. Siku tano za kazi zinakupa mambo matano yaliyotazamwa sawasawa, na hayo ni mengi kuliko anayorudi nayo mtu aliyezunguka nchi tatu akiwa nyuma ya kamera.

Vifaa ni vya bei ya chini. Nunua daftari la kawaida la shule, kurasa 96, ukubwa wa A5. Ukilikunja katikati linaingia mfuko wa koti. Tumia kalamu ya bolpeni au penseli ya HB. Kalamu za jeli huandika vizuri, lakini wino wake ni wa maji na tone moja la mvua dirishani huuyeyusha, wakati wino wa bolpeni ni wa mafuta, nao hustahimili. Simu iache mfukoni ukiwa umekaa dirishani, hasa gari likisimama kwenye foleni, kwa maana ndipo hunyakuliwa. Ukipenda kujirekodi sauti, subiri ushuke. Ndani ya gari, muziki na injini hufunika maneno yote isipokuwa kipaza sauti kiwe karibu kabisa na mdomo, kama mtu anayepiga simu.

Usiandike gari likienda. Herufi zinarukaruka, na kichefuchefu kinakuja haraka kwa sababu macho yanaona ukurasa uliotulia huku sikio la ndani likihisi mwendo. Gari likienda, tazama nje na ukariri. Foleni ikishika, andika. Andika majina ya vitu, vitenzi na tarakimu, bila sentensi kamili. Anza kila mara na siku, saa na mahali, maana ukurasa usio na saa hauna faida baada ya mwezi mmoja. Maandishi ya garini yanaweza kuwa hivi:

"Jumanne, 12.40 jioni. Adams. Mvua imeanza. Makanga: 'Mvua imenyesha, sasa ni soo.' Mama mbele yangu anahesabu sarafu mara mbili, ananyamaza. Harufu: vumbi lililolowa, mahindi ya kuchoma."

Hapo pana hadithi nzima. Nauli imepanda hadi soo, yaani shilingi mia, kwa sababu ya mvua, kama inavyopanda saa za watu kutoka kazini, na kuna mtu ambaye hesabu yake ya asubuhi imevurugika. Saa nayo inasaidia. Nairobi iko karibu sana na ikweta, kwa hiyo jua huzama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo mwaka mzima, na giza hufuata upesi. Mwandishi akiandika machweo ya saa mbili usiku, msomaji wa hapa anajua kuwa mambo hayo yametoka kitabuni.

Maneno ya makanga yaache yalivyo. Akisema soo, finje (hamsini) au mbao (ishirini), andika soo, finje, mbao. Ukimfanya aseme "nauli ni shilingi mia moja, ndugu abiria", umemtoa garini na kumweka redioni. Simulizi yako iwe Kiswahili sanifu, na kinywa chake kiwe chake.

Sasa kazi ya usiku, na hii ndiyo ninayowasihi waandishi wachanga wasiiruke. Ukurasa wa kulia ni wa garini, wa kushoto uache mtupu. Usiku uleule, kabla ya kulala, kaa dakika 20 hadi 30 ujaze ule wa kushoto: rangi ya leso ya yule mama, sarafu zilikuwa za ngapi, makanga alikuwa amesimama wapi mlangoni. Ukilala bila kufanya hivyo, asubuhi utabaki na muhtasari tu, "nauli ilipanda, watu wakakasirika", na muhtasari hauwezi kugeuzwa tena kuwa picha. Umeme ukikatika, washa mshumaa. Daftari halihitaji chaji. Kurasa zipe nambari, na mbili za mwisho ziwe faharasa: mvua, uk. 4, 19, 31; nauli, uk. 4, 22. Daftari likijaa, faharasa hiyo itakuonyesha ni jambo gani limekuwa likikuita bila wewe kujua.

Mwisho wa wiki, chukua ukurasa mmoja uufanye aya moja ya maneno 120. Kisha futa kila "nzuri", "ajabu" na "ya kuvutia". Sentensi ikianguka baada ya kufutwa neno hilo, ujue haikuwa na kitu.

Neno jingine linalotuponza ni "pilikapilika". Kila anayeandika kuhusu soko la Gikomba huandika pilikapilika, na msomaji haoni chochote. Nenda asubuhi na mapema mitumba inapofunguliwa. Furushi la nguo huwa na uzito wa kama kilo 45, limebanwa kwa mikanda. Mikanda ikikatwa, nguo hujitanua zenyewe kama unga uliotiwa hamira, na mikono inaingia kabla hazijatulia. Zile bora kabisa huitwa kamera, nazo huondoka mwanzo kwa bei ya juu. Zinazobaki mwishoni, zilizochanika au kuchujuka, huitwa fagia, na huuzwa kwa rundo. Nguo moja inaweza kufuatwa tangu kukatwa kwa mkanda hadi kwenye fagia: bei yake ya saa moja asubuhi, ya saa sita, na ya jioni. Hapo unaandika siku nzima ya soko bila kutaja pilikapilika hata mara moja. Muulize muuzaji kabla ya kusimama kando yake na daftari, nunua kitu hata kama ni soksi, na jina lake libadilishe utakapoandika.

Tarehe na majina ya zamani ya barabara yahakikishe Maktaba ya McMillan, Banda Street, iliyofunguliwa mwaka 1931, au Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue. Saa moja inatosha.

Na siku nauli ya mbali ikipatikana, njia ni ileile. Kwa Mombasa, chagua treni ya SGR, ile reli ya kisasa, inayosimama vituo vya kati, Athi River, Emali, Kibwezi, Mtito Andei, Voi, Miasenyi na Mariakani, badala ya ile ya moja kwa moja. Inachelewa, lakini kila kituo kinakupa dakika chache za kuandika behewa likiwa limetulia. Kaa upande wa kulia ukielekea pwani: asubuhi isiyo na mawingu, Kilimanjaro huonekana upande huo baada ya Emali. Tazama ardhi. Unaondoka Syokimau, kituo cha Nairobi, kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaopasuka kiangazi na kunata wakati wa masika, na kufikia Tsavo umekuwa mwekundu hata tembo wamechukua rangi yake. Mibuyu huanza kujitokeza sehemu za Kibwezi. Andika saa uliyouona mbuyu wa kwanza. Karibu na Mariakani minazi inaanza na shingo inaanza kutoa jasho. Yaandike hayo mawili papo hapo, kwa maana kabla hata treni haijasimama Miritini, kituo cha Mombasa, watu wote huwa wamesimama kushusha mizigo, na hapabaki nafasi ya kuinamia daftari.