Kabati la Droo Chumbani kwa Mtoto: Maswali Yenu

Tangu nilipogusia hapa makabati ya droo yanayowaangukia watoto, barua hazijakoma. Nyingi zimeandikwa na wazazi ambao ghafla wameanza kulitazama kabati la chumbani kwa jicho jingine. Nimechagua zinazowagusa wengi.

Kabati letu lina droo tatu tu na linanifika kiunoni. Kweli lina hatari, au mnatutia hofu bure?

Lina hatari, mama, na ufupi wake ndio unaowahadaa watu. Juni 2016 kampuni ya samani ya IKEA ilipotangaza kuyarejesha makabati yapatayo milioni 29 nchini Marekani, yaani kuwataka waliokwisha kuyanunua wayarudishe kwa sababu ya hatari yake, tangazo liliyahusu makabati ya watoto yenye kimo cha kuzidi sentimita 60 hivi, na ya watu wazima yanayozidi sentimita 75 hivi. Sentimita 75 ni kimo cha meza ya kulia chakula.

Shida ni mahali uzito unapohamia. Droo zikiwa zimefungwa, uzito unatulia katikati ya miguu. Ukivuta droo iliyojaa nguo, unasogea mbele. Ukivuta na ya pili, unasogea zaidi. Mtoto wa miaka miwili akiziona droo hizo anaona ngazi. Anaikanyaga ya chini, anajivuta kwa ya juu ili akifikie kile alichokiona huko juu, na kilo zake zote zinaning'inia mbele ya miguu ya kabati, pasipo na kitu cha kuzibeba. Kukiwa na zulia lililotandikwa hadi ukutani, mara nyingi miguu ya nyuma imeinuka kidogo, kwa hiyo kabati limeanza kuinama kabla hata hajaligusa.

Jaribu mwenyewe, mtoto akiwa nje ya chumba. Vuta droo zote, lishike kabati kwa mkono mmoja, na kwa kiganja cha mkono wa pili gandamiza polepole ukingo wa droo ya juu. Mimi nilipofanya hivyo, miguu ya nyuma ilinyanyuka kwa nguvu isiyozidi ile ya kufunga sanduku lililojaa nguo. Droo za chini zikateleza zenyewe kuja kwangu.

Chumba chake kimepakana na changu. Si nitasikia kishindo?

Usikitegemee kishindo. Kabati likimwangukia mtoto, mwili wake na nguo zilizomwagika ndivyo vinavyolipokea. Na mtoto aliyebanwa kifua au shingo hawezi kulia, maana kilio kinataka pumzi. Wako wazazi waliofiwa ambao wamesimulia kwamba walikuwa ndani ya nyumba hiyohiyo na hawakusikia kitu. Waliamini mtoto amelala. Ni maneno mazito kuyaandika, lakini ni afadhali uyasome leo.

Kabati letu limo kwenye orodha ya yaliyorejeshwa. Tuchukue fedha, au kile kifungio cha bure cha kulifunga kabati ukutani?

Kama mmepewa hiari, chukueni fedha na kabati liondoke. Nina sababu. Mwaka 2015 IKEA pamoja na CPSC, tume ya Marekani inayosimamia usalama wa bidhaa za walaji, walianza kwa kugawa vifungio vya bure kwa ajili ya makabati yapatayo milioni 27, baada ya vifo vya watoto wawili. Februari 2016 mtoto wa tatu akafariki. Ndipo likaja tangazo la kurejesha. Novemba 2017 ikabidi litangazwe upya, kwa sababu mtoto mwingine alikuwa amefariki chini ya kabati ambalo tayari lilikuwa kwenye orodha, likiwa bado limesimama chumbani na halijafungwa ukutani.

Linaloniuma zaidi ni hili: Uchina haikuguswa na tangazo la Juni 2016. Mpaka watu walipolalamika, ndipo Julai 2016 makabati milioni 1.66 yakarejeshwa huko. Mtoto wa Beijing anapanda droo sawasawa na mtoto wa Chicago.

Kwa nini mzigo wa kutoboa kuta nibebe mimi? Waliolitengeneza je?

Una haki kabisa ya kuuliza. Samani ya chumba cha mtoto inapaswa kusimama kwa miguu yake. Kwa miaka mingi Marekani ilikuwa na kiwango cha hiari tu, ambacho kililipima kabati kwa droo moja wazi iliyobebeshwa pauni 50, karibu kilo 23. Nyumbani hakuna mtoto anayefungua droo moja akaishia hapo.

Wazazi waliopoteza watoto, wakiwa katika kundi la Parents Against Tip-Overs, ndio waliolipigania jambo hili hadi sheria inayoitwa STURDY ikasainiwa Desemba 2022. Makabati ya nguo yaliyotengenezwa kwa soko la Marekani tangu 1 Septemba 2023 lazima yapimwe yakiwa na mzigo ndani, droo zaidi ya moja zikiwa wazi, kama vile yamesimama juu ya zulia, na kwa nguvu ya mtoto wa hadi pauni 60, yaani kilo 27. Ndiyo maana baadhi ya makabati mapya yana komeo la ndani linalokataa droo ya pili isifunguke mpaka ya kwanza ifungwe. Lakini sheria hiyo hairudi nyuma. Kabati la mwaka 2019 limebaki vilevile.

Ukuta wetu ni wa bodi za jipsamu. Fundi amekaza skrubu moja. Inatosha?

Haitoshi, ndugu yangu. Kamba iliyolifunga kabati la binti yangu ukutani ilionekana imara kabisa kwa macho. Siku moja niliivuta kwa vidole viwili, skrubu ikachomoka na unga mweupe ukamwagika sakafuni. Ilikuwa imeshika bodi tupu.

Nyuma ya bodi kuna nguzo za mbao au chuma, na humo ndimo skrubu inapotakiwa kuingia. Pitisha sumaku ndogo ukutani. Itanasa kwenye vichwa vya misumari au skrubu zilizoshikilia bodi. Ukuta wa tofali au zege unataka drili ya kugonga na fisha inayolingana na skrubu. Funga sehemu mbili, kulia na kushoto, na upande wa kabati shika fremu, siyo ule ubao mwembamba wa mgongoni. Kamba za plastiki siziamini: hukauka na kukatika, na vifungio vya aina hiyo vimewahi kurejeshwa pia. Tumia vya chuma. Kila unaposafisha chumba, vuta kwa nguvu uone.

Mwenye nyumba hataki tundu ukutani.

Mwombe kwa maandishi na umwahidi kuliziba siku ya kuhama. Akikataa, kabati litoke chumbani kwa mtoto, nguo zikae kwenye masanduku ya sakafuni. Na popote litakapokaa, juu yake pasiwe na televisheni wala mwanasesere.

Nimenunua la mtumba. Nitajuaje kama limo kwenye orodha?

Tafuta lebo mgongoni, chini, au ndani ya droo. Jina la mtengenezaji, namba ya modeli na tarehe ndivyo utakavyolinganisha na orodha ya CPSC. Tangu 2008 ni kosa kisheria nchini Marekani kuuza bidhaa iliyorejeshwa, hata ya mtumba. Lebo ikiwa imebanduliwa, lichukulie kama limo.

Tumeamua kulitupa. Naweza kuliacha nje, mwenye shida alichukue?

La kwenye orodha, hapana. Toa droo zote, ung'oe reli zake, uvunje mbavu za kabati, kisha ndipo utoe mbao nje. Likiachwa zima, jioni litakuwa chumbani kwa mtoto mwingine.