Darasa letu la zamani linataka habari zangu, sasa niandike nini?

Mwezi uliopita niligusia juu juu tu habari ya watu waliomaliza chuo zamani kuanza kutafutana uzeeni, basi nikawa nimejifungulia bomba. Barua zimekuja mpaka mhariri ananiangalia vibaya. Nimechagua nne. Moja nimeijibu kwa urefu kwasababu imenikaa rohoni, zingine nimepita haraka, msininunie.

SWALI: Mwalimu, salaam. Mi nina miaka 73, mwaka huu tunatimiza miaka 50 toka tumalize chuo. Katibu wa darasa katuma waraka kila mtu aandike nusu ukurasa, umefanya nini toka tuachane, uko vipi sasa hivi, na kumbukumbu moja ya enzi zile, wanataka watoe kijitabu. Nimeandika nikachana mara nne. Vya wenzangu vingine vimeshazunguka nimevisoma, huyu kawa profesa, yule kawa balozi, mwingine ana wajukuu kumi na moja na asubuhi bado anakimbia. Mi nilianza na uinjinia nikaacha, nikaingia biashara ikafa, ndoa ya kwanza nayo ikafa, mwisho nikafundisha hesabu sekondari mpaka nastaafu. Sasa niandike nini? Au nikae kimya tu waniweke kwenye ile orodha ya wasiojulikana walipo?
— Aliyechana mara nne

JIBU: Mzee mwenzangu, pole na karatasi zako. Usikae kimya.

Ngoja nikwambie, na sisi darasa letu tulitoa kijitabu kama hicho, nikakisoma kitandani usiku mmoja kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na nilipofika mtu wa sita hivi nikawa siwezi tena kutofautisha nani ni nani, kila mtu kaajiriwa, kapanda cheo, kahamishwa, kastaafu, ana watoto wanne na anamshukuru Mungu. Tumeandika kama tunaomba kazi. Watu wa miaka sabini na ushee, wanaomba kazi kwa nani jamani? Katika kitabu kizima kuna mstari mmoja tu ambao naukumbuka mpaka leo, wa jamaa mmoja ambaye chuoni alikuwa mkimya sana, kaandika hivi, sikio langu la kushoto halisikii tena kwaiyo tukikutana kaeni upande wa kulia. Basi. Na yeye ndo aliyepigiwa simu na watu wengi kuliko balozi wetu (ndio, na sisi tunaye balozi, kila darasa wana wao).

Kuhusu kujipima na hao wakubwa. Mwaka 1938 pale chuo kikuu cha Harvard, Marekani, walianza kuwafuatilia wanafunzi wao maisha yao yote, jumla walifika vijana 268, wanapimwa afya, wanatumiwa maswali ya kujaza kila baada ya muda, kazi, ndoa, ulevi, magonjwa, kila kitu mpaka uzeeni. Mmoja wao alikuja kuwa rais, John F. Kennedy. Yani hawa walikuwa vijana ambao kwenye makaratasi kila kitu kiko sawa. Na walipokuja kuangalia huko mbele, ni nani kafika miaka 80 akiwa na afya na furaha, kilichowapa dalili nzuri zaidi hakikuwa cheo, wala hata kile kipimo cha kolestro walipokuwa na miaka 50, ilikuwa ni kama wakiwa na huo umri walikuwa wanaridhika na mahusiano yao na watu. Sasa najua kuna mjuaji ataniandikia kwamba hao wote walikuwa wanaume, wazungu, wa chuo kimoja cha kitajiri, na ni kweli, ila pembeni yake kuna vijana 456 wa mitaa ya kimaskini ya Boston nao walifuatiliwa hivo hivo, na hadithi haikuwa tofauti sana. Kwaiyo wewe kinachokufanya uchane karatasi ni kitu ambacho hata kwa hao vijana wa Harvard hakikuamua uzee wao utakuwaje.

Haya, tuje kwenye kuandika. Usianze na kazi. Anza na ile kumbukumbu, na hapo huna haja ya kutafuta, imejaa. Wataalamu wa kumbukumbu wameliona hili jambo muda mrefu, David Rubin na wenzake waliliandika mwaka 1986, kwamba mtu aliyevuka makamo ukimwambia akusimulie maisha yake, rundo kubwa la anayoyakumbuka linatoka kati ya miaka kama 10 hivi na 30. Sababu mojawapo inayotajwa ni kwamba huo ndo wakati wa mambo ya mara ya kwanza, mara ya kwanza kulala mbali na nyumbani, kupenda, kukataliwa, kupata sapu, kupata hela yako mwenyewe, na kitu kipya kinachimba kuliko cha kujirudia. Hebu jaribu mwenyewe, nitajie jumatano moja ya mwaka wako wa kumi na tatu kazini. Huna. Lakini nikikuuliza kitanda chako cha mwaka wa kwanza kilikuwa upande gani wa dirisha utanijibu kabla sijamaliza.

Alaf kwenye hiyo kumbukumbu muweke mtu mwingine, na umtaje kwa jina. Nani alikuazima madesa ukayakopi usiku kucha? Nani alikuamsha asubuhi ya mtihani wakati we ushalala na viatu? Nani alikuwa anaiga sauti ya lekchara mpaka siku lekchara kasimama nyuma yake? Nakwambia hivi kwasababu kijitabu kikifika mtu hasomi kwanza habari za balozi, anatafuta jina lake. Na kuna ambao hawatakuwepo kulitafuta. Darasa la miaka 50 lishapunguza watu, nadhani hata lenu. Mke wa marehemu alimkuta ana miaka 30 na kazi, watoto walimkuta ana kitambi na sheria, huyo kijana wa miaka 21 aliyekuwa anacheka mpaka analala chini hawajawahi kumuona. Wewe ulimuona. Sasa ukichana karatasi mara ya tano unamchana na yeye.

Kuhusu kazi andika sentensi moja, nilifundisha hesabu sekondari mpaka nikastaafu. Nukta. Usiandike "nilijikuta tu nafundisha", hilo neno nilijikuta naliona kwenye barua nyingi za wazee na silipendi, kama vile mtu aliamka siku moja akakuta chaki mkononi. Ulikuwa unaamka kila siku unaenda. Ndoa ya kwanza si lazima, katibu hajaomba, ukiitaja poa, usipoitaja hujadanganya mtu. Na kama kuna kitu cha mwili ambacho watu wanatakiwa wajue, goti, jicho, sikio, kiweke, kitawasaidia siku ya kukutana kuliko cheo chochote.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Kuna rafiki yangu tuliishi chumba kimoja miaka mitatu. Juzi tumekutana watu kama ishirini wa zamani, akaanza kusimulia ile hadithi ya kufungiwa nje ya bweni usiku akapita dirishani akaanguka, matroni akamkuta kakaa chini analia na kiatu kimoja. Watu wanacheka mpaka machozi. Mwalimu, ni MIMI niliyeanguka! Kovu la goti ninalo mpaka leo! Nilipomwambia pembeni akaniangalia kwa huruma kabisa akasema mwenzangu umri huo, mimi ndo nilianguka, hata mi kovu ninalo. Ananiibia au anaumwa?
— Mwenye goti

JIBU: Marahaba, mwanangu. Haibi na wala hiyo peke yake sio ugonjwa.

Mwaka 2001 kuna watafiti walichapisha utafiti waliofanya huko Nyuzilandi kwa mapacha watu wazima, wakakuta wapo wanaogombania kumbukumbu, kila pacha anaapa lile tukio lilimpata yeye. Na haikuwa kwa mapacha tu, hata ndugu na marafiki waliokaribiana umri yaliwakuta. Cha kufurahisha, walipokuja kuchambua zaidi mwaka 2006 wakaona mambo ya sifa na ya mateso watu walikuwa wanayavutia kwao, na makosa waliyofanya wanamsukumia mwenzie. Sasa hadithi yako ina mateso na kuchekesha ndani yake, nani angeiacha?

Fikiria ilivyokuwa. Miaka mitatu chumba kimoja, taa imezimwa, we unaisimulia kwa mara ya hamsini, yeye amelala anaiona kichwani, dirisha analijua, matroni anamjua, kile kiatu alikuwa anakiona chini ya kitanda chako kila siku. Picha anayo, ikabaki picha tu, aliitoa wapi kashasahau. Na mtu akiwa na uhakika haimaanishi yuko sahihi. Mwaka 1986 chombo cha anga cha Challenger kilipolipuka, kuna wanafunzi wa chuo kikuu cha Emory waliandikishwa kesho yake asubuhi, ulikuwa wapi, nani alikwambia, alaf wakaulizwa tena baada ya kama miaka miwili na nusu au mitatu. Wengi walitoa hadithi tofauti na ile waliyoandika wenyewe kwa mkono wao, na wanaisimulia kwa kujiamini kabisa. Hiyo ni miaka mitatu. Nyie yenu ina mingapi?

Sasa kovu lako nakuamini, na la kwake nalitilia shaka kidogo, ila magoti ya watu wa umri wetu yana makovu ya kila namna kwaiyo tusiende huko. Kama kuna mtu ana barua au daftari la wakati ule mnaweza kumaliza ubishi, mi sioni faida. Ingekuwa ni jambo la heshima ya mtu, labda nani alifaulu nani aliibia mtihani, hapo ningekwambia pigania. Lakini dirisha? Mwombe siku nyingine mkae jirani muisimulie wote wawili, wewe unaanza yeye anamalizia. Mkifika kwenye kuanguka mtagombana mbele za watu na hiyo itachekesha kuliko hadithi yenyewe.

SWALI: Mwalimu, mtu ananikumbatia, ananiita kwa jina la utani la chuoni, na mi sura naijua ila jina halipo kabisa. Nina miaka 69. Niogope?
— Kichwa kitupu

JIBU: Usiogope kwa hilo tu. Mtafiti wa kumbukumbu Harry Bahrick na wenzake mwaka 1975 waliwapima watu 392 waliomaliza sekondari, wengine miezi michache nyuma na wengine karibu nusu karne, na picha za wanafunzi wenzao zikichanganywa na za wageni, hata baada ya miaka thelathini na kitu walikuwa wanazitambua kama tisa katika kumi. Kutoa jina kichwani ukiwa umeonyeshwa sura tu ndo walikuwa hoi. Sura inabaki na jina linaondoka, ndo ilivyo. Jitaje wewe kwanza, "mi fulani, yule wa meza ya nyuma", naye atajitaja. Na mnaoandaa mikutano, majina ya kifuani andikeni makubwa, yale maandishi ya sisimizi mnamuandikia nani? Bandikeni na picha ya enzi hizo. Ukianza kupotea njia ya nyumbani au kusahau ulichoambiwa saa hii hii, hapo nenda kamuone daktari.

SWALI: Mwalimu, mi ndo katibu wa darasa, nina miaka 76, kazi hii nimeifanya miaka mingi. Mambo mawili. Orodha ya marehemu sasa imezidi ukurasa na sipendi inavyokaa mwishoni kama deni. La pili, mwenzetu mmoja amepata ugonjwa wa kusahau, mkewe kaniomba nimtoe kwenye waraka kwasababu anasema haelewi tena. Nimtoe?
— Katibu

JIBU: Dada katibu, la kwanza fupi. Vunja hiyo orodha. Kila marehemu mpe mtu aliyekaa naye bweni moja amuandikie mistari minne, na umchanganye humo humo na walio hai kwa alfabeti. Asikae ukurasa wake peke yake.

La pili, uamuzi wa mwisho ni wa mkewe na usibishane naye, ila kabla hujamfuta mwambie hili. Tangu mwaka 1881 Mfaransa mmoja, Théodule Ribot, alishaandika kwamba kumbukumbu ikianza kubomoka huwa yanatangulia kwenda ya karibuni, ya zamani yanakawia. Si kwa kila mtu na si milele, lakini mtu anaweza asijue kala nini mchana huu na akakuimbia wimbo wa bweni wote. Kwaiyo huenda darasa lenu ndo sehemu ambayo bado anaijua njia. Zamani hata madaktari walikuwa wakiona mzee anasimulia ya kale wanasema akili inaenda, mpaka Robert Butler, daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, alipoandika mwaka 1963 kwamba kuyapitia maisha yako uzeeni ni jambo la kawaida tu la binadamu.

Mkienda kumuona msimuulize "unanikumbuka?", huo ni mtihani na atafeli mbele za watu. Semeni "mi fulani, tulikuwa chumba kimoja", mpeni picha ashike, mkae. Akikuita jina la mwingine itika tu. Na kijitabu kikitoka mpelekee, hata kama atakuwa anasoma ukurasa ule ule kila siku. Mkewe atasoma zilizobaki.