Ukungu mweusi bafuni
SWALI: Dada, nakaa Tanga, bafu langu lina ukungu mweusi kwenye kona za dari na kwenye mistari ya tailizi, nimepaka rangi juu yake baada ya wiki tatu umerudi. Nifanyeje?

JIBU: Pole mdogo wangu, ila hapo rangi umeitupa tu, ukungu unaendelea chini kwa chini. Tia siki nyeupe kwenye chupa ya kupulizia, usiongeze maji, puliza acha saa nzima alafu sugua na mswaki wa zamani. Jiki nayo inang'arisha tailizi, lakini usithubutu kuichanganya na siki, inatoa gesi ya klorini, utakohoa mpaka machozi! Na ukishaoga futa kuta, dirisha liache wazi, maana na unyevu wa huko Tanga bafu likifungwa halikauki.